Nilivyoitafuta galaksi ya M101 kutoka juu ya paa la Kayole

Mwalimu aliniletea miwani ileile mara tatu ndani ya miezi miwili. Mara ya kwanza alisema lenzi zimechakaa, nikambadilishia. Mara ya pili akasema nimemwekea nambari isiyo yake. Mara ya tatu, Februari 2023, nilimketisha kwenye stuli mbele ya kibanda changu cha River Road, Nairobi, nikammulika kwa tochi ndogo, nikaona ndani ya mboni ya jicho la kulia ule ukungu wa kijivu ambao mafundi wa miwani tunaujua vizuri.

"Mwalimu, hapa mimi nimefika mwisho," nikamwambia. "Una mtoto wa jicho. Hata nikikuwekea lenzi nene kama sahani utaendelea kuona moshi. Nenda kwa daktari wa macho."

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana nyota zimenikimbia."

Alikuwa amefundisha sayansi mpaka akastaafu, na nyumbani kwake Buruburu alikuwa na darubini yenye kioo cha inchi sita, aliyoinunua mkono wa pili kwa mgeni mmoja aliyekuwa akihama nchi. Kwa miaka miwili alichungulia akaona giza tupu, akadhani chombo kimeharibika. Aliniomba niende kukikagua. Nilikikuta kizima, ila vumbi tu. Akaniambia nikichukue nikae nacho mpaka atakapofanyiwa upasuaji. "Chombo cha kutazamia kikikaa bila jicho kinakufa," alisema.

Nikaibeba darubini ile kwa matatu mpaka Kayole. Makanga alinitoza viti viwili na sikubishana, maana bomba lake lilikuwa refu kama mtoto wa darasa la nne.

Wiki ya kwanza nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Lenzi ya miwani unaweza kuifuta kwa kitambaa mara mia kwa siku, na mimi nimezoea hivyo hadi mkono unakwenda wenyewe. Kioo cha darubini hakitaki hivyo. Kioo cha kujitazamia nyumbani hupakwa utando wake wa kung'aa kwa nyuma, na glasi ndiyo inayoukinga. Cha darubini hupakwa aluminiamu kwa mbele, utando mwembamba ajabu usiokingwa na glasi, kwa sababu mwanga unatakiwa urudishwe palepale unapogusa, bila kupita kwanza kwenye glasi. Sikulijua hilo. Nilikifuta kwa kitambaa kikavu, na ndani ya kitambaa kulikuwa na chembe ya mchanga. Nilipokiinua kwenye taa nikaona mkwaruzo umepinda kama unywele, urefu wa kidole.

Usiku ule sikupata usingizi. Asubuhi nikapanda gari hadi Buruburu kumweleza mwenyewe, kwa sababu ukiharibu kitu cha mtu afadhali asikie kutoka kinywani mwako.

"Ni mmoja?" akauliza.

"Ni mmoja, Mwalimu. Nisamehe."

"Basi mwanga uliopotea ni kidogo mno. Ila usikifute tena. Vumbi haliwezi kuzuia nyota. Mkono wenye haraka unaweza."

Aprili akafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Alipotolewa bandeji alinipigia simu kuniambia kwamba shati alilodhani ni la rangi ya maziwa kumbe ni jeupe pe. Lenzi ya jicho ikizeeka huwa ya manjano, na mtu huwa hajui kwamba dunia yake yote imepakwa manjano mpaka itolewe. Nimewaona wateja wengi wakishangaa hivyo, lakini furaha ya Mwalimu ilinigusa zaidi ya zote. Jicho la kushoto likabaki kusubiri zamu yake.

Kwa miezi hiyo mimi nilikuwa nimeuona mwezi mara mbili tu. Mvua za masika zilikuwa zimeziba anga. Kule pwani nilikozaliwa wazee husema Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kweli kishada hicho cha nyota kilikuwa kinazama magharibi huku tukikanyaga matope.

Jumamosi tarehe 20 Mei, simu ikalia.

"Fundi, kuna nyota imelipuka. Imeonekana jana. Na iko mahali ambapo wewe kutoka paa lako unaweza kupafikia."

Aliyeiona kwanza alikuwa Koichi Itagaki wa Japani, mtu anayetazama anga kwa mapenzi yake tu, ambaye amekwisha gundua nyota za namna hiyo nyingi. Nyota yenyewe ikaitwa SN 2023ixf. Ilikuwa ndani ya galaksi, yaani mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, iitwayo M101, ambayo Mfaransa Pierre Méchain aliiona mwaka 1781 na mwenzake Charles Messier akaiandika kwenye orodha yake ikawa ya 101. Inatazamana nasi uso kwa uso, kwa hiyo picha zake zinaonyesha mikono yote ikijipinda kutoka katikati. Watoto wa mtaani kwetu hutengeneza kipepeo cha karatasi, wakakipigilia kwa mwiba kwenye kijiti na kukimbia nacho kizunguke. Ukikipiga picha kikiwa kinazunguka utapata M101. Upana wake ni kama miakanuru 170,000 (mwakanuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), na galaksi yetu sisi, Njia Nyeupe, ni kama 100,000. Umbali wake ni takriban miakanuru milioni 21.

Nilimwuliza Mwalimu umbali huo ulipimwa kwa kamba gani. Akaniambia nifikirie taa za magari usiku kwenye barabara iliyonyooka. Ukijua taa ya lori ina nguvu kiasi gani hasa, ukaiona hafifu, unaweza kukadiria lori liko mbali kiasi gani. Angani kuna nyota zinazopwita, zinang'aa na kufifia kwa mpigo maalumu, na mwanamke mmoja Mmarekani, Henrietta Leavitt, alitambua kwamba inayochukua muda mrefu kati ya mpigo na mpigo ndiyo yenye mwanga mkubwa zaidi kwa kweli. Alilitangaza jambo hilo mwaka 1912. Basi ukihesabu siku za mpigo umeshajua nguvu ya taa. Nyota hizo zimepatikana ndani ya M101 pia. Nilikaa na maelezo hayo siku nzima nikikata lenzi.

Usiku wa kwanza nilipanda juu ya paa saa mbili. Ghorofa yetu ina sakafu tano, na juu kuna matangi ya maji, kamba za nguo na mabaki ya saruji. Upande wa kaskazini unatazama Mwiki na Kasarani, na nyuma yake mwangaza wa Thika Road unainuka kama alfajiri isiyofika asubuhi. Hatua mia mbili kutoka kwetu imesimama mulika mwizi, ile nguzo ndefu yenye taa nyingi. Siilaumu. Binti yangu hupita chini yake saa kumi na moja alfajiri akienda shule, na kabla haijawekwa nilikuwa namsindikiza. Lakini ilikuwa ikimwaga mwanga moja kwa moja kwenye uso wangu. Mama jirani alipoona nimeukunja uso namna ile alinipa leso zake tatu, tukazitundika kwenye kamba za nguo zikawa pazia.

Ukiwa Nairobi, Dubu Mkubwa, lile kundi la nyota, huonekana kaskazini amepinduka. Zile nyota saba wanazoziita upawa, kwetu ni upawa uliokwisha kumwaga supu, kinywa chini, mpini kulia. Nyota ya ncha ya mpini ni Alkaid, inayofuata ni Mizar. M101 inakaa chini ya Alkaid kuelekea kulia, na tatu hizo zinafanya pembetatu yenye pande zinazokaribiana. Nyota ya Kaskazini, ambayo mabaharia wa nchi za kaskazini wanaitegemea, kwetu hatuioni. Iko chini ya upeo wa macho.

Nilichora ramani kwa penseli kutoka kwenye simu, nyota moja moja, nikaigeuza juu chini ili ifanane na anga. Nikaitafuta pembetatu kwa macho, nikaelekeza bomba, nikachungulia. Kijivu. Nyota tano, sita, hakuna hata moja iliyokaa kama kwenye karatasi. Usiku wa pili vivyo hivyo. Usiku wa tatu nikateremka saa sita nikiwa nimekasirika.

Ilikuwa Mwalimu aliyenifumbua macho kwa simu. Darubini ya vioo hugeuza kila kitu juu chini. Mimi nimeshageuza ramani kwa ajili ya anga, na darubini imegeuza anga tena, kwa hiyo ramani yangu na kile ninachokiona vilikuwa vimepishana kabisa. Nilipaswa kuiacha karatasi kama ramani ilivyokuwa kwenye simu. Mtu anayefanya kazi na lenzi kila siku nilipaswa kulijua hilo kabla ya kuambiwa, na liliniingia sana.

Kosa lingine lilikuwa ndani ya jicho langu. Kila nilipokosa nyota nilikuwa natazama simu kulinganisha, kisha narudi kwenye lenzi. Kila nilipotazama simu nilikuwa naharibu kazi ya nusu saa. Jicho lina seli za namna mbili nyuma yake. Zile zinazotambua rangi na herufi ndogo zimejaa katikati, na hizo ndizo ninazozihudumia kibandani. Nyingine, zinazoona gizani, zimeizunguka katikati hiyo na pale kitovuni hazipo kabisa. Zinahitaji dakika 20 hadi 30 za giza ili kemikali yake irudi, na mmweko mmoja wa mwanga mweupe unaiunguza yote. Ndiyo maana ukitaka kuona kitu hafifu hukitazami chenyewe. Unatazama kando yake kidogo, ukiwa na utulivu, nacho kinajitokeza pembeni. Ukikigeukia kwa pupa kinatoweka.

Nimewaambia watu wangapi, "Tazama hapa katikati, usiyumbishe macho"? Maelfu. Usiku ule nilijifunza kuyatazama mambo kwa jicho la pembeni, na nilihitaji siku kadhaa kumkubali mwalimu huyo mpya.

Jumatano tarehe 24 anga ilitakata kidogo baada ya mvua ya mchana. Mwezi ulikuwa mchanga, unaelekea kuzama. Nilifunika simu kwa karatasi nyekundu ya peremende, tabaka nne, nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Karibu saa nne, bila onyo, stima ikapotea. Mulika mwizi ikazimika. Madirisha ya ghorofa zote yakazimika. Kelele ikapanda kutoka mtaani, ile "aaah" ya watu wote kwa pamoja, halafu kukawa na kimya ambacho Kayole haina. Mama jirani aliita kutoka ngazini, "Fundi, uko salama huko juu?" Nikamjibu niko salama, asije na mshumaa tafadhali.

Nikangoja. Sikuchungulia haraka. Nilihesabu pumzi mpaka nikaona kamba za nguo, kisha vifundo vya kamba, kisha maua ya leso. Ndipo nikaweka jicho.

Nyota zilikuwa nyingi maradufu. Nikazifuata na ramani, sasa ikiwa imekaa sawa: pembetatu ndogo, mstari wa tatu, moja peke yake. Na hapo, mahali ambapo karatasi yangu ilikuwa nyeupe, pakawa na nyota. Nilitazama kando, ikang'aa. Nikaitazama yenyewe, ikafifia. Nikarudi kando, ikarudi. Nilikagua karatasi mara tano. Ilikuwa nyota moja zaidi.

Nyota nzito inapomaliza kuni zake, kitovu chake huwa kimegeuka chuma, na chuma hakitoi moto wa kuibeba nyota. Kitovu kinaporomoka chenyewe kwa muda mfupi kuliko sentensi hii, na mlipuko unaofuata unayarusha matabaka yote ya nje ya nyota. Ile niliyoiona ilikuwa iking'aa kama majua bilioni moja. Kwangu mimi ilikuwa ncha ya sindano.

Lakini galaksi sikuiona. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Nyota moja ya galaksi ile ilikuwa mbele yangu, na nyota zake nyingine zote, mabilioni kwa mabilioni, hazikuacha hata alama. Nilimpigia Mwalimu pale pale gizani. Alikuwa macho. Akanieleza kwamba mwanga wa nyota umekusanyika mahali pamoja, bali mwanga wa M101 umetandazwa kwenye eneo linalokaribia upana wa mwezi mpevu. Kijiko cha sukari ukikilamba utakisikia. Kitie kwenye pipa la maji, sukari ipo yote, lakini ulimi hautaijua. Nairobi ndiyo pipa. Hata stima ikipotea Kayole, bado Westlands inawaka, Thika Road inawaka, na anga nzima imechovywa.

"Twende nje ya mji," akasema. "Mwezi ukiwa haupo. Nami nataka kulijaribu jicho."

Tulikwenda Jumamosi tarehe 17 Juni kwa gari la mpwa wake, kwa barabara ya Magadi, kupita Kiserian na kuteremka Bonde la Ufa mpaka Olorgesailie. Ni zaidi kidogo ya kilomita 60 kutoka mjini, na joto linakupokea kama mlango wa jiko. Pale ndipo Louis na Mary Leakey walipochimba katika miaka ya 1940 na kukuta shoka za mawe kwa mamia. Nyingi zimeachwa palepale zilipolala, na wageni wanapita juu ya daraja la mbao kuzitazama. Kabla jua halijazama tulisimama kwenye daraja hilo. Zina umbo la tone la maji, zimechongwa pande zote mbili, na nyingine ni kubwa kuliko kiganja changu. Mimi ni fundi, na niliwaza mkono wa yule fundi: alipoanzia, mahali jiwe lilipomkatalia akaligeuza.

Watu waliozichonga waliishi hapo kati ya miaka milioni 1.2 na nusu milioni iliyopita. Mwalimu akaanza kupiga hesabu kwa sauti, kama aliyerudi darasani. Mwanga wa ile nyota ulipotoka M101, hata yule sokwe wa kale Proconsul, ambaye Mary Leakey alilipata fuvu lake kisiwani Rusinga mwaka 1948, alikuwa bado. Fuvu lile lina miaka kama milioni 18. Mwanga ulikuwa umeshasafiri miaka milioni tatu Proconsul alipokuwa akipanda miti ya Rusinga. Na shoka hizi zilipokuwa zinachongwa, mwanga ulikuwa umebakiza safari ya miaka milioni moja, tayari uko karibu nasi kuliko galaksi ya Andromeda, ambayo ndiyo galaksi kubwa jirani yetu na iko miakanuru milioni mbili na nusu. Ulikuja wakati wote huo bila kupumzika, ukaingia kwenye kioo chenye mkwaruzo wangu.

Usiku ulipoingia, Zuhura ilikuwa kali magharibi hata tukaingoja ishuke. Kisha giza likawa giza. Njia Nyeupe ikatandaza kitambaa chake kutoka kusini, na upawa ukajitokeza kaskazini na nyota ndogo ambazo Kayole sijawahi kuziona. Niliipata pembetatu kwa mara moja. Saa tatu kasorobo M101 ilikuwa imefika juu kabisa ya njia yake, kama theluthi ya anga kutoka upeo hadi utosini.

Nilichungulia kwanza mimi ili niiweke sawa. Usidhani niliona zile rangi za kwenye picha. Niliona doa, pumzi ya mtu kwenye kioo cha dirisha asubuhi ya baridi, katikati pakiwa pameiva kidogo na pembeni pakipotea bila mpaka. Nilipotulia na kutazama kando, upande mmoja wa doa ukaonekana mzito kuliko mwingine, na nadhani, naam, nadhani palikuwa na mpindo. Na juu ya ukungu huo, ncha ileile ya sindano, sasa iko nyumbani kwake. Machozi yalinilenga na nikaondoka haraka kwenye lenzi nisiiloweshe.

Mwalimu akavua miwani yake, ile niliyomtengenezea mara tatu, akanipa nishike. Akainama polepole, akaweka jicho la kulia. Nilimwambia atazame kando. "Mimi ndiye niliyewafundisha watoto hayo," akasema taratibu, kisha hakusema tena.

Dunia inazunguka, na darubini isiyo na injini hukuponyoka. Kwa ukuzaji tuliokuwa nao, kitu kinavuka kioo kwa dakika sita, saba hivi. Nilikuwa nimezoea kukisukuma bomba kidogo kila mara, nikanyoosha mkono.

"Usiisogeze," akasema. "Iache ipite."

Nikarudisha mkono. Tulisimama hivyo, yeye ameinama, mimi nimeshika miwani yake, na kule mbali kwenye korongo fisi mmoja akilia. Nilijua imefika ukingoni kwa jinsi alivyogeuza shingo kuifuata. Alikaa hapo hata baada ya kupita, jicho kwenye lenzi tupu, labda dakika nzima.

"Irudishe," akasema.